Kanisa la Zamani Lilivyogeuka Zizi

Katika kigango chetu chote hakuna aliyetoa kwa moyo mkubwa kuliko mimi. Wengine walitoa mahindi, wengine walitoa maneno, mimi nilitoa ng'ombe. Ng'ombe mzima, mwenye miguu yote na mkia, nikamkabidhi mbele ya watu, vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Ila tusidanganyane. Wiki hiyo alikuwa ameshatafuna shuka langu lililoanikwa, akameza na upande mmoja wa kanga yangu ya Pasaka, nami nilikuwa nimeapa kumtoa kwa mtu yeyote atakayepita. Halafu nikasikia Sabina atatoa mbuzi wawili. Ningejua Sabina ataishia kutoa kuku mmoja, tena aliyeacha kutaga, ningetoa yai nikarudi zangu nyumbani.

Alikuwa mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na pembe moja iliyoinama kama inasikiliza maneno ya watu. Mama yake alikufa akimzaa, kwa hiyo nilimlea mwenyewe, nikamnyonyesha kwa chupa ya soda, akalala karibu na jiko langu kama paka. Nilimwita Mtendaji, kwa sababu hata angepotelea wapi, chakula kikiiva tu ulikuwa unamwona mlangoni. Mtendaji wetu wa kijiji alipolisikia jina hilo alicheka sana, akavuta kigoda, akala.

Sasa nieleze kanisa. Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, pale mawe makubwa yanapokaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu asiye na kazi. Kanisa la zamani walijenga babu zetu pamoja na mapadre wa kizungu, kuta za mawe, nene, mlango mmoja. Upepo uliezua paa, na sisi badala ya kuezeka tukaenda kujenga kanisa jipya kando ya barabara, lenye vioo, ili wapita njia watuone tukisali. Altare ikahamishwa. Paroko akasema lile la zamani tusiliachie mijusi, tuchange, tuliezeke upya, liwe chekechea ya watoto wa kijiji.

Mtu anaweza kuuliza chekechea inamhusu nini bibi ambaye meno yake yaliyobaki anaweza kuyaita kwa majina. Ilinihusu kwa sababu chekechea yenyewe ilikuwa nyumbani kwangu. Mwalimu ni Hilda, mke wa mjukuu wangu Gody, na darasa lilikuwa sebuleni kwangu, kati ya kabati na magunia ya mtama. Asubuhi sijamaliza hata kukohoa, watoto wameshajaa wanaimba a, e, i, o, u. Walikula mapera yangu yakiwa mabichi. Waliwafundisha vifaranga wangu kuogelea kwenye beseni. Mimi niliyeishia darasa la saba nimejua kuhesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini bila mtu kuniuliza kama nataka.

Lakini hayo ningeyavumilia. Kisicho cha kuvumilia ni hiki: afisa elimu alikuja, mama mpole tu, akaangalia watoto walivyobanana, akasema mwezi wa kwanza akirudi asipokuta jengo lenye paa, darasa atalifunga, na watoto watakwenda shule ya ng'ambo ya mto. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha milimani, unabeba punda na mzigo wake. Kitukuu wangu Kija yuko katika darasa hilo, na mpaka leo anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Huyo ndiye avuke mto?

Basi tukafanya harambee. Mgeni rasmi alikuwa atoke Musoma, mtoto wa kijiji aliyefanikiwa. Tulimchinjia mbuzi, tukamkodia turubai na spika. Akatuma ujumbe kutoka Kigera kwamba gari limemharibikia, ila moyo wake uko pamoja nasi. Ujumbe ukapokelewa kwa makofi, na ile nyama yake kamati ikaila kwa niaba yake.

Kwetu mtu ukimwambia atoe fedha taslimu anaanza kukohoa. Mwambie atoe kilicho nyumbani, anatoa, hasa jirani akiwa anamtazama. Jioni ile kanisa lilikuwa limepata ng'ombe, si mmoja wala wawili, na wote mitamba, kwa sababu madume watu wanabakiza ya kulimia. Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia Hilda, "Mjukuu, anza kufungasha chaki. Jumamosi mnadani Bunda, Jumatatu bati."

Nilisahau nilikuwa nimezungumzia mali ya wanaume.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mwikwabe. Huyu ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na tumetaniana tangu siku naolewa. Mtu mrefu, kofia ya pama haimtoki kichwani, fimbo haimtoki mkononi, na mdomo haufungi. Kwenye kikao cha kamati nikasema neno langu lile la Bunda na bati. Akanitazama kama nimependekeza tumuuze katekista.

"Shemeji," akasema polepole, kama anasema na mgonjwa, "mtamba hauzwi."

"Hauzwi kwa nini? Si tumewatoa ili tupate bati?"

"Mtamba anazaa. Ukimuuza leo unapata bati na yamekwisha. Ukingoja azae, na ndama wake azae, unaezeka kanisa, unaezeka na nyumba ya katekista, na ng'ombe bado unao."

"Na mvua je? Nayo itangoja ndama avunje ungo?"

Wanaume walicheka, lakini nikaona macho yao. Wanaume wa huku uwape kitu chochote watakiuza, hata baiskeli wakiwa bado wameipanda. Ila waonyeshe kundi la ng'ombe wamesimama pamoja jioni, basi, akili zinalala. Walikuwa wameshaanza kutaja rangi: huyu wa madoa, huyu mweusi, yule mwekundu wa shemeji ana matako ya kuzaa vizuri. Kigango kikawa na kundi. Hakuna kigango jirani chenye kundi. Kura ikapigwa kwa mikono, akina mama tukashindwa.

Ikabaki kujua watalala wapi. Ndipo Mwikwabe akasema lile neno lililonikosesha usingizi. "Kuna zizi gani zuri kuliko lile kanisa la zamani? Kuta za mawe, mlango mmoja, fisi hapiti."

Katekista Abednego alisimama. Ni mtu mnyonge, akisimama haonekani tofauti sana na akikaa. "Jamani, mle ndani nilibatizwa."

"Na Bwana wetu alizaliwa wapi?" Mwikwabe akamuuliza.

"Zizini."

"Basi."

Katekista akakaa.

Hivyo ndivyo tulivyochanga tuezeke kanisa, tukapata ng'ombe, na ng'ombe ndio wakaingia kanisani, na watoto wakabaki kwangu. Kila nikipita pale nawakuta wamesimama wanaelekea ilipokuwaga altare, wanacheua, wana heshima kuliko kwaya yetu. Mavi yalijaa mpaka kizingiti. Pale nilipopigia magoti siku ya ndoa yangu amelala ndama wa Sabina, maana Sabina naye baadaye aliona aibu ya kuku wake akaongeza ndama.

Ukawa mwaka wa visingizio. Nikimwuliza Mwikwabe, anasema bei imeshuka, subiri. Bei ikipanda, anasema inapanda, subiri ipande tena. Mara majani yameota, si vizuri kuuza ng'ombe anaponenepa. Mara majani yamekauka, nani atanunua mifupa? Wachuuzi wa Bunda walikuja wenyewe mpaka kijijini na pikipiki zao, akawaambia wale wote wana mimba.

"Wote?" nikamwuliza.

"Wote, shemeji."

"Na dume hatuna. Hii nayo tuandike Roma?"

"Wewe unapendaga kubishana na neema," akanijibu, akaondoka akipunga fimbo.

Usidhani alikuwa anaiba. Hapo bado. Alikuwa anapenda tu. Jioni alikuwaga anakwenda kusimama mlangoni pa kanisa, kofia ameinamisha, anawaangalia wakiingia mmoja mmoja, anawatajia watu, "Kundi la kigango." Alianza hata kutembea tofauti. Na kamati yote ilikuwa hivyo hivyo. Unapigana vipi na watu waliopenda? Mwizi ungemkamata. Hawa unawaambia paa, wanakujibu maziwa.

Hilda alianza kukonda. Kila siku anauliza, "Bibi, wamesemaje?" Mimi namwambia wamesema kesho, nakwenda nyuma ya nyumba nasema peke yangu maneno ambayo bibi wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Mwezi wa kumi Paroko akatangaza atakuja kutembelea kigango. Mwikwabe akapanga kumpeleka moja kwa moja kanisa jipya, kwaya iimbe, ale, aondoke. Kanisa la zamani ataoneshwa akiwa ndani ya gari, kwa mbali, upande wenye ukuta.

Nikamwita Hilda. "Siku hiyo wapeleke watoto wakasomee kule."

"Kule kuna ng'ombe, bibi!"

"Ndiyo. Wafundishe wanyama wa kufugwa."

Akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza toka Pasaka. Tukabeba mikeka, mimi na akina mama wa jumuiya, tukafagia pembe moja, tukawakalisha watoto. Ng'ombe wakapisha, wakasimama pembeni wakisikiliza. Paroko alipokuwa anapita barabarani watoto wakaanza kuimba kwa sauti ambayo mimi nimeizoea lakini mgeni hajaizoea. Gari likasimama. Akashuka, akaja, akachungulia mlangoni. Kija akaenda kumpa maua. Kabla hajafika, Mtendaji akayachukua maua, akayala.

Paroko akaingia ndani. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa, vikawa si vya kung'aa tena. "Mzee Mwikwabe," akasema, "niliomba chekechea."

"Ipo, Baba. Unaiona."

"Naona na mifugo."

"Hiyo ndiyo harambee yenyewe, Baba. Inakua."

"Iuzwe," Paroko akasema. "Jumamosi hii. Yote."

Sijawahi kusikia neno fupi tamu kama lile. Fundi wa paa akaitwa papo hapo, akatazama kuta, akatazama ng'ombe, akapiga hesabu kichwani. Akasema wale wengine wote kwa pamoja, jinsi walivyokonda, wataezeka upande wa machweo. Upande wa mawio ataezeka huyu mwekundu peke yake, kwa sababu amenona na sasa mimba anayo kweli, dume la jirani lilikuwa limemfikia malishoni. Nikampapasa Mtendaji shingoni, nikamwambia asante kwa shuka langu alilokula, sasa nimeona lilikokwenda.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mnada, Mwikwabe akaja kwangu amevua kofia. Mwikwabe akivua kofia ujue kuna msiba au kuna mkopo.

"Shemeji, pole."

"Kafa nani?"

"Mtendaji."

"Yupi, wa ofisini au wangu?"

"Wako. Ndigana. Jana jioni alilala, hakuamka."

Nikasimama. "Yuko wapi nimwone?"

"Tumemchoma moto. Ugonjwa mbaya ule, haufai kuchezewa."

"Nyama yote?"

"Yote."

"Na ngozi?"

"Na ngozi."

"Na ile pembe iliyoinama, nayo imeungua?"

"Shemeji, mfiwa haulizagi pembe," akasema kwa huzuni, akavaa kofia, akaondoka haraka.

Mimi nimezeekea hapa. Sijawahi kuona ng'ombe wa kwetu amekufa akakosa mlaji. Akiumwa na nyoka tunamla. Akipigwa na radi, swali la kwanza ni chumvi iko wapi. Huyu amekufa, mnono, mwenye mimba, na hakuna jirani aliyeitwa hata kupewa utumbo? Moshi sikuuona. Harufu sikuisikia, na pua ndiyo kiungo changu pekee ambacho hakijazeeka. Nikawaambia watu. Wakaniambia, "Bibi Dorotea, pole, ulimpenda sana." Nikamwambia katekista. Akaniambia tusali. Jumapili Mwikwabe akasimama kanisani, akaomba waamini tusimame kimya kidogo kwa ajili ya ng'ombe wa Bwana aliyetutoka. Watu wakasimama. Sabina alilia. Mimi nilisimama kwa hasira tu.

Wale wengine waliuzwa Bunda, bati zikaja, upande wa machweo ukaezekwa. Upande wa mawio ukabaki wazi. Kanisa likawa kama mtu aliyekimbia kinyozi katikati ya kunyolewa. Mvua za kwanza zikaja, zikanyesha upande ule usio na bati, maji yakatembea yakaenda kulala upande wenye bati. Hilda alikwenda na ndoo, akachota, akachoka. Akaanza kuandika majina ya watoto wa kupeleka ng'ambo ya mto. La Kija nilimwona analiandika la mwisho, kalamu ikamkatalia.

"Bibi," akasema, "basi. Tumejitahidi."

Kujitahidi ni neno wanalosemaga watu wakishaliwa.

Katika mambo hayo hayo Mwikwabe akawa anamwolea mwanawe Dennis. Binti anaitwa Brenda, wa Mugeta, na siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari ilikuwa imekaribia. Mwikwabe akatangaza kwamba safari hiyo ni ya wanaume peke yao, akina mama wa kijiji wasijisumbue, njia ni mbali na jua kali. Nikashangaa. Tangu naolewa sijawahi kumwona Mwikwabe anamhurumia mwanamke kwa sababu ya jua.

Nyumbani kwake sikuwa na la kufanya, lakini Mugeta nilikuwa na mtu. Bibi yake Brenda ni Jenoveva. Tulifundishwa kipaimara pamoja, tukachapwa pamoja kwa kucheka mbele ya padre. Nikampigia simu.

"Jenoveva, mna mpishi wa kutosha siku ya mahari?"

"Tunao mpaka wanagombania mwiko."

"Anayejua kutengeneza kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo?"

"Wapo watatu, na kila mmoja anasema wenzake wanakosea."

"Basi mmepungukiwa mchokozi."

"Huyo hatuna," akasema. "Njoo."

Nikafunga kipande cha chumvi kwenye pindo la kanga, kama nilivyokuwaga nafanya kila asubuhi wakati Mtendaji yuko kwangu. Hilda akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kula pilau. Nikapanda basi mpaka Bunda, na kutoka Bunda nikachukua bodaboda. Nikamwambia kijana aendeshe taratibu, nimebeba ushahidi. Akadhani ni mayai.

Walifika mchana, Mwikwabe mbele na kofia yake, Dennis na suti, wazee wawili wa kamati, na ng'ombe. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya akina mama, nimejifunika kanga, namenya vitunguu. Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi hivi hivi. Wanakaguliwa, wanatukanwa kwanza, ili mwenye nao ajue kwamba binti ni ghali. Mkaguzi alikuwa Mzee Alfonce, shemeji yake Jenoveva, mwenye jicho moja zima na ulimi mzima zaidi.

"Huyu goti bovu," akasema kwa ng'ombe wa kwanza. "Rudi naye."

Akasogezwa pembeni kwenye mti wa miiba.

"Huyu mnamleta hapa au mmemwokota njiani?"

"Mzee, huyo ana maziwa!"

"Ya nani? Haya, abaki. Tunawahurumia."

Wakaendelea hivyo, wanacheka, wanakasirika kwa mzaha. Halafu wakamleta wa mwisho. Mwekundu. Baka jeupe kwenye paji la uso. Pembe moja imekatwa, kidonda bado kibichi, nzi wamekaa. Tumbo limejaa mimba.

Kisu kilinianguka. Jenoveva akanishika mkono. "Ngoja," akaninong'oneza. "Mwache aseme kwanza. Mtu akisema ndipo anafaa kukamatwa."

Mzee Alfonce akamzunguka yule ng'ombe. Kwa mara ya kwanza akakosa tusi. "Huyu ni ng'ombe," akasema. "Umempata wapi?"

Mwikwabe akajaa kifua. "Huyu? Huyu nimemlea kwa mikono yangu, mkwe. Mama yake alikufa akimzaa. Nimemnyonyesha kwa chupa, analala karibu na jiko langu. Nimekuja naye leo machozi yakinitoka, ila kwa ajili ya Brenda nikasema acha niumie."

Akina mama wa Mugeta wakapiga vigelegele. Dennis akainamisha kichwa akaanza kutazama viatu vyake.

"Ndiyo maana ametulia," Mzee Alfonce akasema. "Anaitwa nani?"

Mwikwabe akamtazama ng'ombe usoni. "Anaitwa… Nyota. Kwa sababu ya hilo baka."

"Mwite tumwone."

"Nyota!" Mwikwabe akaita. "Nyota, njoo. Njoo kwa baba."

Ng'ombe akainua mkia, akanya.

"Amechoka na safari," Mwikwabe akasema.

Hapo nikatoka jikoni. Nilikuwa nimepanga hotuba, nimeifanyia mazoezi kwenye bodaboda, lakini nilipoiona ile pembe iliyokatwa hotuba yote ikapotea.

Mwikwabe aliponiona akarudi nyuma hatua moja. "Shemeji! Umefikaje huku?"

"Kwa bodaboda. Na marehemu naye, amefika kwa miguu?"

"Marehemu gani?" Mzee Alfonce akauliza.

Nilisimama pale mlangoni pa jiko, nikafungua pindo la kanga, nikaita kama ninavyoitaga kila siku kwangu: "Mtendaji! Chakula!"

Aligeuka kabla sijamaliza. Akapita katikati ya wazee, akamsukuma mmoja wa kamati yetu akakaa chini bila kukaribishwa, akaja mpaka kwangu, akaingiza pua yote kwenye kanga, akaanza kulamba chumvi. Mimi nilimshika shingo. Sikulia. Vitunguu ndivyo vilikuwa vinaniliza.

"Wanafanana tu!" Mwikwabe akasema haraka. "Shemeji, huyu si yule. Huyu ni… ni dada yake."

"Dada yake kivipi?" nikamwuliza. "Umesema sasa hivi mama yao alikufa akimzaa huyu, na Mtendaji naye mama alikufa akimzaa. Huyo mwingine alimzaa akiwa wapi, toharani?"

Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha, kwa sababu Dennis alikuwa ameinua kichwa. Yule mtoto hana ubaya, nilimfundisha rozari mwenyewe.

"Baba," akasema, "huyu si yule tuliyesimama kimya kanisani kwa ajili yake?"

"Nyamaza, unaoa."

"Nimwoe Brenda kwa ng'ombe wa paa la chekechea?"

Mzee Alfonce akainua fimbo, akaielekeza kwenye ule mti wa miiba waliposimama wanaorudishwa. "Mama, huyu utaondoka naye wewe, ukaezeke hilo paa lenu. Na mwingine wa kujaza nafasi yake atoke zizini kwa mkwe mwenyewe, sisi tunangoja hapa hapa, hatuna haraka." Halafu akamgeukia Mwikwabe, lile jicho zima likiwa limemkazia. "Ila mkwe, mimi nina swali dogo la kujifunza. Huyu ng'ombe uliwaambia watu wako alikufa?"

"Nilisema… huenda alizimia tu, mzee. Mimi si bwana mifugo."

"Alizimia. Ukamchoma moto."

"Kidogo tu."

"Mpaka ngozi, alisema," nikaongeza.

"Mpaka ngozi," Mzee Alfonce akarudia. "Halafu akazinduka, akavaa ngozi yake, akaja Mugeta kuoa."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanangoja jibu, na Jenoveva alikuwa ameshatoa vigoda ili watu wangoje vizuri. Mwikwabe akavua kofia, akaitazama ndani kwa makini kama jibu ameliweka humo. Mtendaji alikuwa amemaliza chumvi. Akanyoosha shingo, akaichukua ile kofia mkononi mwake, akaanza kuitafuna.